Wawili Washuke

Asubuhi ile tulitua Msangano, bonde la Momba, mara nyingi kiasi kwamba wanawake waliokuwa wakivuna mpunga wakaacha kututazama. Mwanzoni walisimama na miundu yao mikononi, kanga zikiwapepea kwa upepo wa helikopta, watoto wakipiga kelele. Kufikia saa nne tulikuwa kama trekta la jirani, kelele tu za watu walio kazini.

Mimi nilikuwa kiti cha kulia. Kushoto kwangu alikaa Kapteni Shija, mwalimu wangu. Alikuwa mtoto wa Momba hukohuko, wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao kabla hajazaliwa. Aliongea taratibu, kama mtu anayeswaga ndama. Mimi ni wa Ibaba, juu milimani Ileje, kwenye mashamba ya mteremko ambako kiazi kikikuponyoka unakifuata kwa jirani. Nilikuwa luteni, na katika kundi letu la wanafunzi wa urubani nilikuwa mwanamke peke yangu.

Jeshi lilituleta Msangano kwa ajili ya vumbi. Huko tulikotarajiwa kwenda hakukuwa na viwanja vya lami. Helikopta inaposhuka kwenye udongo mkavu, upepo wa mapanga yake unachota vumbi lote na kulirudisha juu. Kioo kinafunikwa. Hujui tena kama unashuka, unarudi nyuma au unalalia ubavu. Marubani wamekufa hapo, wakiwa juu kidogo tu ya ardhi.

"Unaona nini?" Kapteni Shija aliniuliza vumbi lilipotumeza.

"Sioni kitu, afande."

"Hilo si jibu. Unaona nini?"

Nilitazama chini, kupitia kioo kidogo kilicho karibu na miguu. "Bua la mtama. Upande wa kulia."

"Linakwenda wapi?"

"Mbele. Linakwenda mbele." Kisha nikaelewa. "Tunarudi nyuma, afande."

"Basi acha kurudi nyuma."

Nilisukuma fimbo ya kuongozea mbele kiasi cha unene wa kucha. Bua likatulia. Nikashusha wenzo wa mkono wa kushoto, ule unaoinua na kuishusha mashine, magurudumu yakagusa.

Mchana tulikaa kwenye kivuli cha mkia wa helikopta tukinywa maziwa mgando ambayo Kapteni aliletewa na shangazi yake. Akaniuliza kama naogopa. Nikasema hapana, afande.

"Basi leo tumemaliza," akasema, akafunika kibuyu. "Mtu asiyeogopa siwezi kumfundisha. Sijui anatazama nini."

Nilijua ananisubiri.

"Naogopa, afande."

"Wapi?"

"Tumboni. Na kwenye vidole."

"Vidole ndivyo vibaya. Tumbo liache liogope lenyewe. Halishiki fimbo."

Alinifundisha hivyo kwa miezi. Alikuwa na mchezo mmoja niliouchukia kuliko yote: tukiwa juu kabisa, bonde la Momba limetandazwa chini yetu na mto unang'aa, alizima nguvu ya injini bila kusema neno. Mashine iliporomoka kama ndoo iliyokatika kamba. Unachotakiwa kufanya ni kushusha wenzo haraka, kuyaacha mapanga yazunguke kwa upepo wa kuanguka kwenyewe, na kuchagua mahali pa kutua kabla ardhi haijakuchagulia. Mara ya kwanza nilipiga kelele. Mara ya pili nilifumba macho. Hakunikemea hata mara moja. Alirudisha nguvu, tukapanda tena, akasema, "Haya. Safari hii fumbua moja."

Ila somo lililonikaa mwilini hatukulifanyia Momba. Tulilifanyia kwetu, Ibaba.

Alitaka nijue mlimani hewa ni nyepesi, na mashine inayobeba watu kumi bondeni haibebi kumi kule juu. Tulitua kwenye uwanja wa mpira, askari wakapakia mifuko ya mchanga. Kila mfuko ulikuwa na uzito wa mtu mzima. Mama yangu alikuwa kwenye umati wa watazamaji, amevaa gauni lake la kwaya, nami nilitaka anione nikiruka vizuri.

Nilivuta wenzo. Mashine ikatetemeka, ikainuka kimo cha kigoda, mshale wa kipimo cha injini ukaingia kwenye rangi nyekundu, king'ora kikalia masikioni. Tukaanza kuzama.

"Unaona nini?"

"Nzito, afande."

"Kiasi gani?"

"Sijui."

"Lazima ujue. Hakuna mwingine wa kujua."

Nikatua. Nikasikiliza injini. Nikasema mifuko miwili itolewe. Ikatolewa, nikavuta, tukapaa juu ya misitu ya mianzi na mama akapungua mpaka akawa nukta.

Tuliporudi, Kapteni Shija alibaki kitini baada ya mapanga kusimama. Alikuwa anatazama ile mifuko miwili pembeni ya goli.

"Umefanya sawa," akasema. "Lakini mifuko haikutazami."

Wiki chache baadaye amri ikaja. Tulikwenda Kongo, upande wa mashariki, katika kikosi cha kulinda amani.

*

Kituo chetu kilikuwa pembeni ya mji mdogo wenye barabara moja. Kazi yetu ilikuwa kupeleka chakula na risasi kwenye vikosi vya milimani na kurudi na wagonjwa. Kapteni Shija sasa alikaa kulia, kiti cha rubani mkuu, nami kushoto nikiwa msaidizi wake. Nyuma tulikuwa na Sajenti Mgaya, fundi wa mashine na mpakiaji, mtu wa Njombe aliyezungumza peke yake akifanya kazi.

Hapo ndipo nilipomjua Koplo Siame. Alikuwa askari wa miguu, wa Msangano kabisa. Kabla ya jeshi alibeba mizigo pale mpakani Tunduma, akivuka kwenda Nakonde ya Zambia na kurudi, na alijua Kibemba cha sokoni. Aliposikia natoka Ileje alinisalimu kwa salamu ya kwetu, "Ndaga, dada," nami nikamjibu "Mwapoleni" ya Wazambia, na ikawa hivyo kila tulipokutana. Alibeba magunia mawili kwa mara moja, kisha akaomba nimpeleke mpaka kilimani kwa kikosi chake ili asitembee. Alikuwa mcheshi. Helikopta ikianza kuyumba kwenye upepo wa mabonde aliacha ucheshi akashika mkanda kwa mikono miwili.

Vita haikutujia kwa mlio. Ilikuja kwa barabara. Siku moja nilitazama chini nikaona watu watatu wamebeba magodoro. Siku iliyofuata walikuwa wengi, na baiskeli zilizopakiwa mpaka hazionekani. Kisha wakaanza kupita bila mizigo. Halafu barabara ikawa tupu, na hapo ndipo Kapteni Shija alipoacha kuzungumza tukiwa angani.

Nilikuwa siwezi kula asubuhi. Nilikunywa chai ya rangi nikaitapika nyuma ya mapipa ya mafuta, nikasukutua, nikapanda. Nadhani Kapteni alijua. Yeye mwenyewe alikuwa na tabia mpya ya kufunga na kufungua kifungo cha mfuko wake wa kifuani, kufunga na kufungua, mpaka tuliporuka.

Mchana mmoja redio ikaita kutoka kilimani. Kikosi cha Siame kilikuwa kimezungukwa. Walikuwa na majeruhi, na sauti iliyosema hayo ilikuwa ikihema.

Mawingu yalikuwa yameanza kurundikana magharibi.

"Tunaingia mara moja, tunatoka," Kapteni akasema. Kisha akageuka kwangu. "Vidole?"

"Vimetulia, afande."

Havikuwa vimetulia. Naye aliviona.

*

Kilima kile kilikuwa na kipara juu, udongo mwekundu uliokanyagwa na buti. Tulikijia kutoka chini, tukibana bondeni, ili tusionekane mpaka mwisho. Tulipochomoza niliona mahema, moshi, na watu wamelala kwenye mstari.

Vumbi likainuka.

Nikasikia kitu kama mtu anayepiga bati kwa nyundo. Mara mbili. Kioo cha mlango wa kulia kikawa cheupe.

"Chukua," Kapteni Shija akasema.

Sikuelewa.

"Chukua, Luteni."

Nikaona mkono wake wa kulia. Ulikuwa umelala juu ya paja, kiganja juu, na suruali ilikuwa inalowa.

"Nimechukua, afande."

"Unaona nini?"

Nilitazama chini. Vumbi. Vumbi. Kisha jiwe.

"Jiwe. Kushoto kwangu. Limesimama."

"Shuka."

Nikashuka. Magurudumu yakagusa.

Mgaya akafungua mlango wa nyuma na kilima kikaingia ndani: milio, harufu ya mpira unaoungua, watu wakiita. Wakaanza kupakia. Sikuweza kugeuka. Nilishika fimbo kwa mkono mmoja na wenzo kwa mwingine na kuhisi mashine ikilemewa chini yangu, mtu kwa mtu, kama unavyohisi kitanda mtu akikaa.

Kapteni alikuwa amebana mkono wake kwa goti. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Nane," Mgaya akasema kwenye redio ya kichwani. "Nane, tuondoke!"

Nikavuta wenzo.

Ikatetemeka. Ikainuka kidogo. Mshale ukaingia kwenye nyekundu, king'ora kikalia. Mapanga yakaanza kupunguza mzunguko, nikausikia mlio wake ukizama, na mashine ikazama nao. Tukagonga chini.

"Nzito," nikasema.

"Kiasi gani?"

Alikuwa ameegemeza kichwa. Angeweza kusema yeye. Sijui kama hakuwa na nguvu ya kuhesabu au aliniachia kwa makusudi. Sikuwahi kumuuliza hilo.

"Wawili."

"Basi sema."

Nikabonyeza kitufe.

"Mgaya. Wawili washuke."

Uzito chini yangu haukupungua.

"Mgaya, wawili washuke, hatupandi."

"Dada," Mgaya akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Nimtoe nani?"

Hapo ndipo nilipogeuka.

Walikuwa wamelaliana. Nyuso zote zilikuwa zimenigeukia. Kwa kelele zile hawakuwa wamesikia neno, lakini walikuwa wameona mashine ikianguka na walijua kinachofuata. Siame alikuwa karibu na mlango. Alikuwa amepanda akiwa amempakata mtu aliyepigwa kifuani. Naye paja lake lilikuwa limefungwa kwa mkanda wa suruali.

Alimlaza yule mtu. Akateremka.

Akasimama kwa mguu mmoja, akamshika bega askari mwingine aliyekuwa na bandeji ya mkono. Yule akakataa. Akatikisa kichwa mara nyingi. Siame hakumvuta. Aliendelea kumshika bega tu, mpaka yule naye akateremka, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Siame akaja mbele, upande wa dirisha langu. Kati yetu kulikuwa na kioo na hatua chache. Akasema kitu. Mdomo ulifunguka ukafunga. Sikusikia.

Nikavuta wenzo. Mashine ikapanda.

Vumbi likamfunika.

*

Kuondoka kilimani kwa mashine nzito ni kujitupa. Unaipeleka mpaka ukingoni, unaishusha pua, unaiacha ianguke bondeni mpaka ipate kasi. Nilifanya hivyo. Miti ilinijia, kisha ikapita chini yetu.

"Unaona nini?" Kapteni akauliza.

"Mto. Mbele kushoto."

"Sasa?"

"Barabara."

Aliniuliza njia nzima. Kila mara sauti yake ilikuwa chini zaidi, na kila alipochelewa kuuliza nilidhani amekufa, na kama amekufa nilikuwa peke yangu angani na watu sita. Kisha angeuliza tena. Nilimjibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nilitua kituoni saa ambayo watu walikuwa wakifua nguo. Mmoja wa wale sita, yule wa kifuani, alikuwa amekwisha kufa.

Wakamchukua Kapteni kwa machela. Nilibaki kitini. Nilimwambia Mgaya aweke mafuta, tunarudi. Akaweka. Rubani mwingine akaja akakaa kiti chenye damu bila kukifuta. Tukawasha injini.

Wingu lilikuwa limeshuka. Kilima hakikuwepo. Milima yote ilikuwa imeondoka, mahali pake pamebaki weupe, na mvua ikaanza kupiga kioo. Tulikaa na mapanga yakizunguka hadi kamanda alipokuja kwa miguu kwenye mvua na kupitisha mkono shingoni mwake, kwamba tuzime.

Asubuhi anga lilikuwa safi. Tulikwenda. Hakuna aliyetupiga risasi. Mahema yalikuwa majivu, na kwenye udongo mwekundu alama za magurudumu yetu zilikuwa zimejaa maji. Tulikuta miili ya wenzetu kadhaa, tukaileta. Siame na yule wa bandeji hawakuwemo. Tuliwatafuta siku nyingi, kwa miguu na kutoka angani, mpaka kikosi kikahamishwa. Hawajapatikana hadi leo.

*

Niliruka mwaka mwingine, nikamaliza muda wangu, nikaacha. Sasa naishi Vwawa na mume wangu, tunauza mbegu na pembejeo. Magari ya kwenda Tunduma yanapita mbele ya duka usiku na mchana na hayanisumbui. Watu wakijazana kwenye gari dogo la abiria, zile Noah, wakisogezana ili apate nafasi wa mwisho, hapo ndipo ninapoingia ndani.

Mkono wa Kapteni Shija uliokolewa lakini haukurudi. Vidole viwili vinafanya kazi. Amerudi Momba kwa ng'ombe zake. Nilimtembelea, tukakaa zizini jioni akikagua miguu ya ndama, na nikamuuliza jambo nililokuwa nalo.

"Afande, kama ningesema mmoja?"

Aliushusha mguu wa ndama. "Mmoja asingetosha."

"Una hakika?"

"Sina," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa umeishika. Mimi nilikuwa nasikia kwa masikio tu. Uliyekuwa unahisi uzito ni wewe." Kisha akaniuliza kama nimekwenda kwa mama yake Siame. Nikasema bado. Akarudi kwa ndama.

Ilinichukua muda kwenda. Niliogopa safari ile kuliko kilima. Nyumba ilikuwa nje kidogo ya Msangano, na uani ufuta ulikuwa umesimamishwa ukauke. Mama Siame alikuwa anapepeta. Ni mwanamke mwembamba, mrefu kama mwanawe. Nilijitambulisha. Akanipa mkeka, akanipa maji, akarudi kukaa.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaiendesha?"

"Ndiyo, mama."

"Alishuka mwenyewe au alishushwa?"

"Mimi nilisema wawili washuke. Sikumtaja. Alishuka mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa. "Mlirudi?"

"Tulirudi asubuhi. Jioni ile wingu lilikuwa limefunga. Hatukumkuta."

"Alisema nini?"

"Alisema kitu, mama. Sikusikia. Kelele zilikuwa nyingi."

Alipepeta kidogo, akaacha. "Uso wake uliuona?"

"Niliuona."

"Ulikuwaje?"

Nilikuwa nimekwenda na maneno tayari, yale yanayosemwa kwenye misiba ya askari. Yalikuwa mdomoni. Nikamtazama, nikashindwa kuyatoa.

"Alikuwa anaogopa, mama. Alikuwa anaogopa sana. Mdomo ulikuwa unamtetemeka."

Aliweka ungo chini. Ufuta ukamwagika kidogo pembeni, hakuuokota.

"Wamekuja wengi hapa," akasema. "Wakubwa wake, wenzake, mchungaji. Wote wameniambia alisimama kama nguzo, hakutetemeka. Mwanangu aliogopa radi mpaka siku anaondoka hapa kwenda jeshini. Ikipiga, anakuja kukaa jikoni kwangu, na ndevu zake. Basi nikasema moyoni, huyo wanayemsema si wangu. Wamechanganya majina. Wangu yuko mahali, atakuja."

Nikaanza kuokota ule ufuta, punje kwa punje.

"Nimemsubiri hivyo miaka yote hii," akasema.

Akainuka. Alikwenda mpaka kwenye ua wa miti uliomtenga na jirani, akasimama pale, mkono juu ya mti. Kisha akaita kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba moto.

"Mama Sikujua. Njoo, na uwaite wengine. Ni yeye."

Wakaja, mmoja mmoja, wakijifunga kanga viunoni. Mmoja akatandika mikeka mingine. Mwingine akatoa viti nje na kuzima moto wa jikoni. Nikasogea kuwapa nafasi, nikakaa nao, na jioni ile msiba wa Koplo Siame ukaanza.